Stendi ya Kukatia Vitawi: Mkanda Huu Umenimaliza

Kabla sijasema lolote, tazameni hiki kijiti. Unene wa kidole gumba. Nakilaza juu ya gogo, nakikanyaga, nashusha msumeno... mmeona kilivyoruka? Cheni haikukikata, imekidaka ikakirusha. Gogo nene hutulia kwa uzito wake. Kitawi hakina uzito, kinafuata meno ya cheni yanakokwenda.

Sasa mzigo wenyewe. Stendi ya chuma, inakunjwa, ina jozi tatu za nguzo. Vipimo vyote viko kwenye boksi, sivisomi. Mimi nimependa kitu kimoja: huu mkanda! Ni wa kukazia mizigo, kama ule wa kwenye malori, wenye kufuli la meno.

Napanga vitawi katikati ya nguzo, vilivyopinda navisukumia ndani. Navuta. Trrk, trrk, trrk. Sukuma kwa mkono, sukuma... havichezi. Tita limekuwa gogo. Nabonyeza mafuta mpaka mwisho kabla cheni haijagusa mti, nakata nje kidogo ya nguzo za pembeni ili vipande vianguke vyenyewe. Ukikata kati ya nguzo zilizoachana, tita linalegea katikati na kuibana baa, ile bapa ya chuma inayozungukwa na cheni. Haya... vuup! Pasi moja! Narudia, maana nimefurahi.

Mkia wa mkanda ufungeni vizuri. Huu ni mkanda wa pili. Wa kwanza niliukata jana nikijaribu, nyuzi zikajisokota kwenye gia ya cheni, nikakaa nazichomoa kwa koleo kama mtu anayetoa miiba.

Na ncha ya baa itokeze upande wa pili wa tita. Baa yangu ni inchi 14, karibu sentimita 35, kwa hiyo tita langu halizidi 25. Ncha ikijificha humo ndani, ile robo yake ya juu ikagonga kijiti kimoja tu, msumeno unakurukia usoni. Hapo uzoefu haukusaidii.

Najua mtaniuliza, kwa nini nisitumie ule msumeno mdogo wa betri, wa mkono mmoja? Ninao. Kwa kupogoa tawi likiwa bado mtini, safi sana. Lakini mkono mmoja ukishika msumeno, mwingine unafanya nini? Unashika tawi! Hapo ndipo vidole vinapoondoka.

Kinachoniudhi ni hili taya la kubania gogo, lililokuja na stendi, walilolisifia kwenye tangazo. Gogo moja linashika, vitawi vinachomoka. Nimelifungua, limerudi kwenye boksi.

Bei inauma, jamani, karibu nusu ya bei ya msumeno wangu. Tena nikiiangalia stendi hivi... hata ya mbao inatosha. Misumari tu ipigwe chini, cheni isiifikie. Kumbe cha kununua ni mkanda! Samahani, nilianza kwa kuisifia stendi.

Aliyelalamikia sauti, maikrofoni mpya ndiyo hii. Wiki ijayo tunanoa cheni. Kama cheni yako ni ya kipimo cha inchi 3/8, ile ndogo (low profile), tafuta tupa ya mviringo ya milimita 4, maana vitawi vilivyoburuzwa kwenye mchanga vinaimaliza cheni haraka kuliko gogo.

Betri ya kamera inawaka nyekundu. Nakata tita la mwisho. Miwani machoni, hata nyie mlio huko.