Barua za Darwin: uanze na za Hooker au za Gray?

Anayetaka kuujua urafiki wa wanabotania wa karne ya 19 kupitia barua zao, mimi humwambia aanze na Charles Darwin na Joseph Hooker. Januari 1844 Darwin alimwandikia kwamba karibu ameamini kuwa spishi, yaani aina za viumbe, hubadilika, na kulisema hilo ni kama kukiri mauaji. Siri ya namna hiyo humpi usiyemwamini. Barua zao zimechanganya kila kitu: mbegu, maradhi, watoto. Hooker alipofiwa na binti yake mdogo mwaka 1863, alimwandikia Darwin, ambaye naye alimpoteza Annie wake mwaka 1851. Hizo hazisomeki harakaharaka.

Asa Gray, mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ni habari nyingine. Atlantiki ilikuwa kati yao, kwa hiyo barua zake zina kazi zaidi kuliko machozi. Kwa mpenda hoja, hapa ndipo penyewe. Septemba 1857 Darwin alimtumia muhtasari wa nadharia yake ya jinsi spishi zinavyobadilika. Sehemu yake ikasomwa London, mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe, Julai 1858, pamoja na andiko la Alfred Russel Wallace, aliyefikia wazo kama hilo peke yake. Gray alimpelekea pia mbegu za mmea wa jamii ya matango, na Darwin akakaa kutazama vikono vya mmea huo vikizunguka hewani kutafuta pa kushika. Kwenye dini walitofautiana wazi: Gray, Mkristo thabiti, aliona mpango wa Mungu katika mabadiliko hayo, Darwin hakuuona. Waliendelea kuandikiana miaka mingi.