LEGO Technic 42043: lori la Arocs kwa wanaopenda kufungua bodi

Niwaambie mapema wenye haraka: kama unatafuta gari la kupamba kabati la sebuleni, tafuta jingine. Mercedes-Benz Arocs ya LEGO Technic, lori la kuchezea unaloliunga mwenyewe kwa vipande vya plastiki, seti namba 42043 iliyotoka 2015, uhondo wake wote uko chini ya bodi. Mimi nashinda gereji ya malori, mafuta hadi kwenye nyusi, na niliitaka kwa sababu hiyo hiyo.

Kiwandani walishaacha kuitoa zamani. Yangu ni ya mtumba kutoka Ujerumani, ikaja Dar kwenye begi la shemeji. Muuzaji aliapa kwamba iko kamili. Kumbe mipira miwili ya hewa, yaani vijibomba laini vya kupitishia hewa, haimo. Niliagiza mingine BrickLink, soko la mtandaoni ambako kila kipande kinauzwa kwa namba yake, na tangu hapo lori halijanidai kitu.

Vipande ni 2,793. Jina kamili ni Arocs 3245, na anayejua Benz za mizigo analisoma mwenyewe: tani 32, farasi 450. Ni tipa yenye winchi mgongoni, ekseli nne, mbili za mbele zote zinakata kona. Ukilisukuma mezani, tairi za nyuma zinazungusha propela (ule mhimili mrefu unaounganisha injini na ekseli), propela inazungusha injini, na pistoni sita zilizopangwa mstari mmoja zinapanda na kushuka chini ya kabini. Arocs ya kweli nayo ni slinda sita za mstari.

Kazi inaanzia kwenye chesesi, yaani fremu ya chini, na hapo usikimbie. Pini za kuunganishia vipande: nyeusi zinabana, za kijivu zinateleza. Zinalingana umbo, kwa hiyo ukiweka nyeusi panapotakiwa pazunguke, utafika mbali kabla hujajua kwa nini ekseli nzito. Kitabu cha maelekezo kimechora ekseli ndefu, vile vijiti vya kuzungusha gia, kwa saizi yake halisi: unailaza juu ya karatasi, ikilingana ndiyo yenyewe. Nilipomaliza difu za nyuma, zile gia zinazoruhusu tairi mbili za ekseli moja zizunguke kwa kasi tofauti, niliinua chesesi, nikashika tairi moja, nikazungusha propela. Tairi ya upande wa pili ikazunguka mbio. Vijana wangu wa gereji huwa nawachorea difu chini kwa chaki. Siku hizi nawapa hiki kitu mkononi na maswali yanakwisha.

Sasa hewa. Mota moja inayokula betri sita za AA inaendesha pampu ndogo, na hewa inapita kwenye vali hadi kwenye slinda za winchi. Kila vali ina tundu la kuingizia katikati na mawili ya kutolea. Ukisukuma mpini upande huu, hewa inaingia chini ya pistoni na mkono unapanda, ukiusukuma upande ule, unashuka, katikati imefungwa. Ukipishanisha mipira miwili, mkono utashuka wakati unautaka upande, basi iweke alama kabla ya kuichomeka.

Ila usitarajie mwendo wa taratibu. Winchi ya kweli inatumia oili, na oili haikubali kubanwa, ndiyo maana opereta anaweza kusogeza tani nzima kidogo kidogo. Hewa inabanwa. Kwa hiyo mkono unakaa kimya, msukumo unajikusanya, halafu unaruka ghafla na kupita pale ulipotaka. Unabeba mzigo, dakika chache baadaye umeinama wenyewe. Wengi wanaliita hili kasoro. Mimi naona ndiyo hewa ilivyo, na kwa anayefundisha vijana tofauti ya breki za upepo na jeki ya oili, hakuna somo la bei rahisi kama hili. Anayetaka winchi itulie tuli hatalipenda.

Mota hiyo hiyo ndiyo inayonyanyua bodi ya tipa pia, kazi ikihamishwa kwa gia. Bodi inapanda polepole mno, unaweza kwenda kumimina chai ukarudi. Jeki za pembeni nazo zinatoka, na zinahitajika kweli, maana winchi ikigeukia ubavuni lori linataka kulala.

Nimeulizwa kwa nini sikuchukua seti mpya zaidi, kwa mfano lile ekskaveta la Liebherr la 2019 lenye mota saba. Ni mashine kubwa, sibishi. Lakini linaendeshwa kwa programu ya simu, na mimi sipendi mdoli unaosubiri simu yangu ipate toleo jipya ndipo unyanyue ndoo. Arocs inataka betri na kidole tu.

Ukikuta ya mtumba, omba picha ya ndani ya kisanduku cha betri. Betri zikisahaulika humo zinavuja, na ukiona unga wa kijani kwenye vyuma, punguza bei au achana nayo. Omba pia video ya winchi ikipanda na kushuka: mipira inaweza kununuliwa upya kwa bei ndogo, lakini slinda inayovuja si ya kutengeneza, ni ya kununua nyingine.