Nimeilipia mwenyewe, ikamkosoa Shirov, nikachekwa mimi

Naanza na hasira, maana nikianza na sifa hasira itapoa, na mimi nataka iwafikie ikiwa ya moto. Nimelipia programu ya kuchambua sataranji kwenye simu, sh. 15,000 kila mwezi, na imeniaibisha mbele ya wazee wa drafti Magomeni. Jina lake silitaji. Waliowahi kuitumia wataijua kwa kunguru.

Ndiyo, kunguru. Ukiichagulia Kiswahili, ngome inaitwa "kunguru". Sijatunga. Kwa Kiingereza kete ile na ndege mmoja mweusi wana jina moja, na aliyetafsiri, kama kweli alikuwa mtu, akamchukua ndege. Sisi wa Dar kunguru tunawajua, wametunyang'anya maandazi mkononi, lakini kunguru wawili wakae pembeni mwa ubao wakimlinda mfalme, hilo lilikuwa geni kwangu. Askari wanaitwa "rehani". Mfalme akitishwa inatoka sauti ya kike, "Hundi!", utadhani uko dirishani benki. Ukimfunga kabisa: "Hundi mwenzi!" Mahali pengine neno hilohilo wameliacha lilivyo, kwa hiyo ikiona njia ya kumfunga mtu kwa hatua tatu inaandika "mate katika 3". Mate! Mwanangu wa darasa la nne aliisoma akakimbia jikoni kumwambia mama yake kwamba simu ya baba inatema.

Hayo nilivumilia. Nilicheka, hata. Wiki za mwanzo ningewapa nyota tano pamoja na kunguru wao.

Maana kazi ilikuwa inafanya. Mimi si mchezaji wa kutisha, lakini napenda kupitia michezo ya magwiji kuliko hata kucheza: unafunika hatua inayofuata kwa kiganja, unabahatisha, unafunua, unajidharau. Nilianza na ule wa Kasparov na Topalov, Wijk aan Zee, Uholanzi, Januari 1999. Hatua ya 24 Kasparov anaiacha ngome iliwe pale d4 (yaani chumba cha safu ya d, mstari wa 4), Topalov anaila, kisha mfalme wake anakokotwa ubao mzima mpaka mstari wa nyumbani kwa Kasparov. Miaka yote nimeusimulia mchezo huo kana kwamba Topalov hakuwa na pa kukimbilia. Programu ikachora mshale wa kijani: mfalme b6. Basi. Angeiacha ngome ya watu, angesogea chumba kimoja, na lile shambulio la kusimuliwa lisingekuwepo. Nilikaa na mshale ule mpaka chai ikaota ngozi.

Ndipo nikajiona mwalimu.

Jumamosi moja, mwezi uliopita au ule wa kabla yake, nikaenda kijiweni na simu mfukoni na ubao kwapani. Pale sataranji haichezwi. Pale ni drafti, vizibo vya soda dhidi ya vizibo vya bia, kahawa na kashata, na Mzee mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye sijawahi kuona akifungwa mara mbili kwa siku moja. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, leo nimekuletea kafara ambayo hujapata kuiona."

"Kafara gani, mbuzi?"

"Askofu."

Watu wakacheka vizuri, cheko la upendo. Nikajiachia. Kwenye sataranji kafara ni kete unayoitoa iliwe makusudi.

Nikapanga mchezo wa Topalov (tena yeye, maskini) na Alexei Shirov, Linares, Hispania, 1998. Ni mwishoni, kete zimebaki za kuhesabu. Weupe wana mfalme g1, askofu c3, askari g2 na h4. Weusi, yaani Shirov, wana mfalme e6, askofu f5, na askari wanne: a4, d5, f6, g6. Amezidi askari wawili, ila hawa maaskofu hawakutani kamwe, mmoja anatembea vyumba vyeupe tu na mwenzake vyeusi tu, na michezo ya namna hiyo huishia sare hata ukiwa umezidi hivyo. Mfalme mweusi anataka kuwahi e4 kabla yule mweupe hajafika e3 na kuziba. Njia yake ni f5. Na f5 kakaa nani? Askofu wake mwenyewe.

Shirov akamtoa askofu akampeleka h3. Mdomoni mwa askari wa g2.

Nikaweka simu katikati ya benchi, sauti nimefungulia yote, ili mashine iwathibitishie wazee kwamba huyu mtu alikuwa na akili isiyo ya kawaida. Nikaingiza hatua. Haikupita hata sekunde mbili. Skrini ikawa nyekundu, alama mbili za kuuliza, na yule mama wa hundi akatangaza mpaka ng'ambo ya barabara: "Kosa kubwa! Umepoteza askofu wako bure!"

Kimya. Halafu kijana mmoja wa bodaboda akauliza taratibu, "Kwa hiyo huyo Mrusi wako kachemsha?"

(Si Mrusi. Ni mzaliwa wa Riga, Latvia, mji mmoja na Mikhail Tal, bingwa wa dunia wa zamani, na anayejua Tal alikuwa anatoa kafara namna gani hashangai kuona Shirov anafanya hivyo. Lakini hapo nani alikuwa na nafasi ya kusikia habari za Riga.)

Nikabonyeza upya. Nyekundu. Nikaifunga programu, nikaifungua tena, simu imepata moto hata kuishika shida, maana programu hizi na joto letu ni mtihani mwingine. Nyekundu. "Umepoteza askofu wako bure!" Muuza kahawa akaacha birika lake akaja kuuliza kulikoni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee hakucheka. Alikuwa bado anatazama ubao. Akauliza askofu anakwendaje, nikamwambia. Akauliza mfalme anakwenda vyumba vingapi kwa mkupuo, nikamwambia kimoja. Akamaliza kahawa yake. Kisha kwa kidole kimoja akamsukuma askari wa g2 amle askofu, akasogeza mfalme mweusi f5, mweupe f2, mweusi e4. Mlango wa e3 umefungwa.

"Kamlisha," akasema. "Askofu alikuwa anamzibia mwenyewe njia. Mwenzake anatafuna, yeye kapita."

Kamlisha! Kwenye drafti kula ni lazima, kwa hiyo kumlisha mtu ili umvute unakotaka ni ugali wa kila siku. Mzee asiyejua hata ngome inatembeaje kaiona. Akaniuliza, "Na asipokula?" Nikamwonyesha: mfalme mweupe f2, mweusi f5, mweupe f3, askofu anamla askari wa g2 huku anamtisha mfalme, mfalme inambidi arudi kumla, na e4 inabaki wazi kama uwanja. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, si kwangu, kwa Shirov. Topalov mwenyewe alimla, na hatua ya 53 akasalimu amri, askari wa a na wa d wakimshinda askofu mmoja mbio.

Kwa hiyo mashine ninayoilipia iliona askofu aliyepotea. Fundi cherehani aliona mlango.

Yangeishia hapo nisingeandika haya. Kilichonileta ni huduma kwa wateja. Usiku uleule niliwatumia ujumbe WhatsApp, kwa adabu zote, habari za jioni dada, naomba mtazame nafasi hii, na picha nikaweka. Jibu lilikuja kesho yake mchana, nalinakili:

"Kaka habari. Programu haikosei. Inatumia injini."

Nikaandika maelezo marefu, na mfalme e4 na kila kitu. Akajibu:

"Samahani kaka, wewe una cheo gani kwenye chess?"

Sina. Nikamwambia Shirov anacho. Akaandika: "Hata Kasparov alipigwa na kompyuta kaka. Sasa kati yako na kompyuta nani anajua?" Na mwishoni kile kikatuni cha uso unaolia kwa kicheko.

Nilikuwa kwenye mwendokasi, nimesimama, nikajikuta najibu kwa sauti. Dada yangu, kompyuta iliyompiga Kasparov mwaka 1997 ilikuwa Deep Blue ya IBM, makabati mawili marefu, inapekua nafasi kama milioni 200 kwa sekunde moja, na hata hivyo ilishinda kwa tatu na nusu kwa mbili na nusu. Ya kwenu inapepesa jicho inalala! Abiria mmoja mama akanisogezea nafasi kama anavyosogezewa mgonjwa.

Nilipofika nyumbani nikawasha ile kompyuta ya zamani yenye feni inayonguruma kama mashine ya kusaga, nikaweka nafasi ileile kwenye Stockfish, injini (yaani programu ya kukokotoa hatua za sataranji) ambayo ni ya bure kabisa na mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua. Nayo mwanzoni haikuona! Ilikuwa inapendekeza hatua nyingine. Nikaiacha, nikaenda kula, nikamsaidia mtoto hesabu zake. Niliporudi, askofu h3 alikuwa juu ya orodha. Ni kwamba injini huanza kwa kutazama hatua chache mbele, na kwa hatua chache unachoona ni askofu kaliwa. Faida iko mbali, baada ya mfalme kufika na askari kuanza kukimbia. Hatua hii iliwahi kusifika kwa sababu hiyohiyo, programu za enzi zile zilikuwa haziioni. Ukiipa muda ya leo, inaona.

Basi nikarudi kwenye programu ya kulipia kutafuta pa kuongeza muda. Pako. Panaitwa "Kina", pana kufuli ya dhahabu, na ukigusa unaambiwa uhamie kifurushi cha sh. 35,000. Yaani kufikiri kunauzwa kando, kama kachumbari! Ile 15,000 nilikuwa nalipia nini, kunguru?

Hapo nyota zilishuka mpaka moja na kidole kilikuwa tayari kwenye kufuta.

Kilichonizuia ni aibu nyingine, na hii sikutaka kuisimulia. Kuna mchezo nilimpiga mwenzangu wa ofisini, nikatoa farasi h7 mbele ya mfalme wake, akababaika, nikashinda, na nikautangaza wiki nzima. Kabla ya kufuta nikasema ngoja niuingize. Nyekundu. "Kosa kubwa! Umepoteza farasi wako bure!" Nikasonya. Nikaupeleka kwa Stockfish, nikaiacha inguruma dakika kumi. Ikasema vilevile: angemla tu farasi na kurudisha malkia wake kulinda, mimi nilikuwa sina kitu. Jibu la dakika kumi, ile programu ya hovyo ililitoa kwa kupepesa jicho. Kwa Shirov inakosea. Kwangu haikosei.

Kwa hiyo nyota tatu? Kwa mtu wa kiwango changu, anayetaka kujua wapi kete yake imeliwa kizembe, inasaidia kweli, na inasaidia upesi, na haikuoni haya. Ukitaka kuwatazama magwiji wakitoa kafara, usiipeleke kijiweni. Chukua ya bure, ipe muda, nenda kale. Nilishaandika nyota tatu, nikakumbuka "nani anajua", nikafuta moja. Mbili. Mwezi huu nimelipia tena, na mtu asiniulize.

Kijiweni siku hizi jina langu ni Hundi Mwenzi. Mzee anataka nimletee kafara nyingine, ila kasema simu ibaki nyumbani.

Na yule dada wa WhatsApp, leo asubuhi nimemtumia tena picha ya nafasi ileile, safari hii na jibu la Stockfish pembeni. Tiki mbili za bluu tangu saa tatu. Sasa ni saa kumi jioni.