Noah ao Hilux: gari moja ya batoto na ya kazi hapa Goma

Maseremala benye kutafuta gari moja ya familia na ya kazi banauliza hii kila siku. Noah, minibasi ya Toyota, njo ya bei ya chini, na piesi zake unazipata kirahisi. Batu saba ao nane banaenea, mvua ikinyesha hakuna mwenye kulowa, ukikunja viti vya nyuma mashini na makopo ya rangi vinaingia muzuri, lakini mbao ndefu unazifunga juu ya paa tu. Na kwenye barabara ya mawe ya volkano inagonga tumbo, hiyo inaniuma sana juu eshapoma (bomba ya moshi) ikishapasuka ni makuta ya garaji.

Hilux ya milango ine, pikapu ya Toyota, iko na shasi ya nguvu na springi za majani, mifuko 15 ya simenti, kilo 750, inabeba. Ila batu ni 5 tu, na bila bashi (turubai) ya kufunika nyuma kila kitu kinalowa. Tafazali batoto basikae nyuma juu ya mbao!

Shantiye zako (mahali pa kazi) zikiwa Himbi ao Birere, hapa mujini, chukua Noah. Zikiwa upande wa Sake, inje ya muji, na batoto ni babili batatu, Hilux. Yoyote, iangalie chini mbele ya kulipa.