Huduma ya kuondoa madoa ya plasta ya bwawa la kuogelea, Kigamboni

Mafundi wengi wa mabwawa ya kuogelea jijini Dar es Salaam wana tiba moja tu ya plasta iliyobadilika rangi: maji yatolewe, asidi imwagwe ukutani, pasuguliwe, walipwe. Kampuni tuliyoipa kazi ya bwawa la nyumba yetu ya wageni haikugusa asidi hadi ilipojua kila doa limetokana na nini, na kwa sababu hiyo naipendekeza, ingawa ina kasoro.

Fundi mkuu alianza kwa kuuliza maji yanatoka wapi na tunatumia dawa gani ya kuua mwani. Kisha alichukua kidonge cha vitamini C, akakikandamiza kwenye doa la kahawia lililokuwa kwenye ngazi, na alipokiondoa pakabaki alama nyeupe yenye ukubwa wa kidonge kile. "Hiki ni chuma, mama, si uchafu," alisema. Maji ya kisima chetu yana chuma kilichoyeyuka, ambacho hakionekani kwa macho hadi kikutane na klorini, kigeuke kutu na kutua kwenye plasta. Rangi ya kijanibuluu iliyokuwa karibu na matundu ya kurudishia maji aliihusisha na dawa ya mwani yenye shaba.

Mabaka ya kijivu yalikuwa jambo jingine, kwani hayakuitikia vitamini C wala klorini. Plasta nyeupe hutengenezwa kwa saruji nyeupe na unga wa marumaru, na ankara ya mafundi waliotangulia ilionyesha kuwa walichanganya humo kloridi ya kalsiamu ili ikauke haraka (kwa joto la Dar es Salaam, sijui walikuwa wanakimbilia wapi). Dawa hiyo ikizidi asilimia 2 ya uzito wa saruji hufahamika kwa kuacha mabaka ya namna hiyo, na kupiga mwiko wa chuma kwa nguvu wakati plasta imeshaanza kukaza huzidisha weusi. Kwa kuwa rangi hiyo imo ndani ya plasta yenyewe, asidi ingekula ngozi ya juu tu na kuacha uso wenye mikwaruzo ambamo mwani hujishikiza. Walikataa kutuuzia kazi hiyo, japo tulikuwa tayari kuilipia.

Madoa ya madini waliyaondoa bila kutoa maji. Waliacha klorini ishuke kwanza, kwa sababu ikiwa nyingi huiharibu asidi ya askobiki, yaani vitamini C ya unga, kisha wakaimwaga ndani ya bwawa na baadaye wakaongeza dawa ya kushika madini ili yasitue tena. Kutu iliisha, shaba imefifia, ingawa kivuli chake bado kinaonekana kwenye kona moja.

Kasoro sasa. Bei ya awali haikujumuisha dawa ya kushika madini, nasi tuliambiwa hivyo kazi ikiwa katikati. Asidi ya askobiki hushusha pH (kipimo cha uasidi wa maji; kikishuka, maji yana asidi zaidi), lakini ilibidi mimi ndiye niwakumbushe kuipandisha hadi kati ya 7.4 na 7.6 kabla hawajafunga vifaa vyao. Maji yenye pH ya chini yangeanza kuila plasta. Hawakuacha ripoti yoyote ya maandishi. Atakayewaita awatake wapime chuma na shaba katika maji ya kisima kabla ya kutaja bei, na kipimo hicho kiandikwe kwenye makubaliano.