Kamera "isiyo na waya": moja ya Chuno, moja ya Nanyamba

"Mama, hii haina waya kabisa. Unaibandika ukutani, basi." Hayo ni maneno ya kijana wa dukani, hapa hapa Mtwara mjini, na mimi mwalimu mzima nikamwamini. Nikatoa shilingi 95,000 kwa kamera ya ulinzi. Nafika nyumbani Chuno, nafungua boksi, kitu cha kwanza kutoka ni waya: chaja yake, nyeusi, ya kuchomeka kwenye soketi.

Siku ya pili nikarudi. Kijana hakuona haya hata kidogo. "Haina waya wa picha, mama. Umeme lazima uwepo." Nikamtazama, nikacheka, nikaenda zangu. Baadaye nimekuja kuelewa kwamba hakunidanganya sana. Dukani ndivyo wanavyozungumza. Wakisema haina waya, wanamaanisha picha inasafiri kwa waifai. Umeme ni habari nyingine, na kwetu Kusini habari hiyo ndiyo yenyewe. Kwa hiyo ukiingia dukani usianze na ubora wa picha. Uliza kwanza: inakula nini, na inatumia mtandao gani? Ukishajibiwa hayo mawili, ndipo mzungumze bei.

Kamera ile nilikuwa nimemnunulia mama, yuko Nanyamba. Kila msimu wa korosho ni kelele zile zile. Korosho zimeokotwa, zimeanikwa siku mbili tatu, zimetiwa kwenye magunia, zinangoja kupelekwa ghalani kwa chama cha msingi. Katika kungoja huko, gunia linapungua. Halitoweki lote, linapungua tu, kama lina panya mwenye kopo. Wanunuzi wa kangomba, wale wa magendo wanaonunua nje ya chama, wapo, na mwenye kuiba kilo tano hasumbuki kutafuta soko. Ila kwa mama waifai hakuna, na umeme ukikatika hakuna anayejua utarudi saa ngapi. Kamera ya kuchomeka ningempelekea ya nini? Ikabaki kwangu Chuno, nikaifunga juu ya mlango wa barazani.

Kusema kweli, kwa bei yake haijaniangusha. Picha za mchana safi. Kuiunganisha kulinichukua jioni nzima, kwa sababu ruta yangu inatoa waifai ya namna mbili, ya 5 GHz na ya 2.4 GHz, na kamera inaisikia hiyo ya 2.4 peke yake. Nilipoitenganisha ile ya 5, ikashika mara moja. Umeme ukikatika ilikuwa inakufa pamoja na ruta, mpaka niliponunua betri ndogo ya akiba ya ruta na kamera.

Usumbufu wake ni usiku. Kamera ya namna hii inalinganisha picha na picha. Chochote kikibadilika mbele yake inapiga kelele kwenye simu. Sasa taa zake za usiku, zile zisizoonekana kwa macho, zinapasha joto kidogo na zinavuta wadudu. Wadudu wanamvuta mjusi kafiri, na buibui naye anakuja kutega. Uzi mmoja wa buibui ukipita mbele ya lenzi, kwenye simu unaonekana kamba nene nyeupe inayocheza. Usiku mmoja nilihesabu arifa 63. Za mtu: sifuri. Siku hizi kila Ijumaa napitisha brashi kuukuu ya rangi pembezoni mwa lenzi, na nimechagua arifa za watu tu. Jambo jingine kwa sisi tunaokaa karibu na bahari: skrubu zilizokuja ndani ya boksi zilishika kutu kabla ya miezi mitatu. Nunua za chuma kisichoshika kutu, ni pesa ndogo.

Halafu kuna jirani. Alikuja asubuhi, amejifunga kanga, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Ndipo akasema, "Mwalimu, lile jicho lako linaniona nikitoka bafuni." Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nikamwita ndani, nikamwonyesha kwenye simu: kweli, kona ya juu kulia ilikuwa inachungulia ua wake. Tukaigeuza kamera pamoja, na sehemu iliyobaki nikaiziba kwa kiboksi cheusi ndani ya programu yake. Kamera nyingi zina kipengele hicho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini kabla ya sheria kuna ujirani. Kabla hujatoboa ukuta, nenda kasimame uani kwa mwenzio uangalie jicho litakuwa linatazama wapi.

Sasa ya Nanyamba.

Mara hii sikwenda kichwa kichwa. Kwa kuwa kwa mama waifai hakuna, nilitaka kamera ya kutumia laini ya simu. Nilichukua laini zangu mbili za mitandao tofauti, nikazitia kwenye simu, nikazunguka nyumba ya mama ukuta kwa ukuta kama fundi anayetafuta maji. Upande wa jikoni, laini moja haikushika kabisa. Upande wa mwembe, nyingine ikasimama vijiti vitatu vya 4G. Hapo hapo pakawa mahali pa kamera, maana kamera nyingi za laini zinataka 4G, na vijiti vikiwa hafifu betri inaisha kwa kuhangaika kutafuta mtandao. Laini yenyewe nimeisajili kwa alama zangu za vidole, nikaiondolea namba ya siri kabla ya kuiingiza. Nasikia wengi wanasahau hilo, kisha wanarudisha kamera dukani wakidai ni mbovu.

Niliyochagua ina betri ndani, kipande cha sola, sehemu ya laini na sehemu ya memori kadi. Bei shilingi 210,000 bila kadi. Aina yake siitaji, nisije nikaonekana nimelipwa. Nilichosoma kwenye boksi ni hiki: IP66, yaani vumbi haliingii na inastahimili maji ya kurushwa kwa nguvu, inachunga joto la mwili, ina spika na maiki. Kadi nilinunua ya GB 64 kwa muuzaji ninayemwamini, kwa sababu zile za bei chee zilizoandikwa ukubwa wa kutisha nyingi ni feki: zinapokea picha wiki ya kwanza, halafu zinafuta au zinagoma.

Fundi aliifunga sola kwenye ukuta wa kusini, chini ya kipaa, eti isilowe. Sola isilowe! Ilikuwa Juni. Ndani ya siku tisa betri ikashuka kutoka asilimia 100 hadi 38. Mtwara tuko kama digrii 10 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la saa sita mchana linasimama upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini unakaa kivulini siku nzima. Tukaihamisha juu ya bati, ikatazama kaskazini, imeinama kidogo tu ili mvua iioshe. Kamera yenyewe ikabaki chini ya kipaa, kwa sababu betri haipendi kuokwa juani. Kati yake na sola kuna waya wa mita 3. Ndiyo, waya. Nilimkumbuka yule kijana.

Betri ikarudi juu, kisha ikaanza kushuka tena polepole, jua linawaka vizuri tu. Nikapanda ngazi mwenyewe. Kioo cha sola kilikuwa cha njano. Salfa! Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na vumbi la salfa lilikuwa limetanda juu ya bati, juu ya sola, juu ya majani ya mwembe. Kitambaa kibichi, dakika mbili, kazi imekwisha. Sijaona boksi lolote lililoandikwa onyo hilo, kwa hiyo naliandika mimi.

Bando nalo lina somo lake. Kamera ikilala haili kitu cha maana; inaamka mtu akipita, inarekodi kwenye kadi, inatuma arifa. Kinachokula ni wewe kutazama moja kwa moja. Picha ikija kwa megabiti 1 kwa sekunde, saa nzima ni kama MB 450. Mimi nilimaliza GB 3 kwa siku nne kwa kumtazama mama akichambua choroko. Siku moja nikabonyeza maiki, "Mama, shikamoo." Akaruka na ungo wake. "Marahaba... we nani unaongea ukutani?" Choroko zote chini. Alininunia siku mbili.

Kuhusu mahali pa kuielekeza, jicho la joto linamnasa upesi anayekatiza mbele yake, na linachelewa kumnasa anayekuja moja kwa moja. Tena kuamka kwake kunachukua muda kidogo. Video zangu za mwanzo zilikuwa zinaanza na mkia wa mbuzi, mbuzi mwenyewe ameshapita. Tulipoigeuza ikatazama njia kiubavu, tukaanza kuona nyuso.

Na uso ukaonekana. Novemba, saa nane usiku, simu ikalia. Mtu amechuchumaa karibu na magunia, tochi mdomoni, mkononi kopo. Anapima bila haraka, kopo la kwanza, la pili, anafunga gunia vizuri kwa kamba kama alivyolikuta. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye maiki nimpigie ukelele. Akainua kichwa. Mtoto wa dada yangu, anayelala nyumba hiyo hiyo.

Sikulala. Asubuhi nikampigia mama, nikaanza kwa kuzunguka. Akanikatiza. "Mwanangu, hilo nalijua tangu mwaka juzi. Anachukua makopo mawili, hazidishi. Hilo jicho lako ligeuze kwenye banda la kuku, mayai yanaisha."

Nikaligeuza. Wiki mbili, hakuna arifa hata moja, na mayai yanaendelea kuisha. Mwisho nilitazama mwenyewe mchana kweupe, bando likiungua, nikamwona: kenge, mrefu kama mkono wangu, anaingia bandani taratibu kama mwenye nyumba. Mwili wake hauna joto la kuzidi sana lile la ardhi anayotambaa, basi jicho la joto likamwacha apite. Nimeshajaribu kuongeza wepesi wa kunasa mpaka mwisho. Imeanza kunitumia kivuli cha mwembe, kenge bado haimwoni.

Mama ameazima mbwa kwa jirani.