Kufuatilia Star Trek ukiwa Bongo au Kenya: maoni yangu kuhusu hizi apu za kulipia

Nianze na jibu kwanza halafu ndio nieleze, maana najua wengi mnataka kujua tu kama inafaa kulipia au la. Kama wewe ni mpenzi wa Star Trek, zile series za Marekani za safari za anga za mbali, na unaishi Dar, Arusha, Nairobi, Mombasa au popote huku kwetu, hakuna apu hata moja utakayolipia ukaipata yote, na hata ukilipia mbili kwa pamoja bado kuna vipande vinakosekana kabisa. Mimi nipo tayari kulipa, nimelipa miaka na miaka, kwa hiyo hela sio shida ya kwanza hapa. Shida ni kwamba mwenye mali, yaani kampuni ya Paramount, amefungua duka lake mwenyewe, Paramount+, akakusanya bidhaa kutoka maduka mengine akazirudisha kwake, na huku kwetu hilo duka hajalifungua.

Ninazozungumzia ni tatu, Netflix, Prime Video na Paramount+, na naziangalia kwa jicho moja tu, jicho la mtu anayetaka kufuatilia hadithi moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kama wewe unaangalia muvi yoyote inayokuja mbele yako hizi huduma zitakufaa vizuri tu, sina ubishi.

Na msije mkaniambia haya ni mambo ya Wazungu hayatuhusu. Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na kwenye episodi ile ile ya kwanza kurushwa, The Man Trap, kuna kiumbe anamjia Uhura, yule dada Mwafrika afisa wa mawasiliano wa chombo, kwa sura ya mwanaume na anaongea naye Kiswahili. Kiswahili kabisa, 1966, kwenye tivii ya Marekani! Mwaka uliofuata kwenye The Changeling Uhura anapoteza kumbukumbu, wanamfundisha upya kusoma Kiingereza, na akikwama Kiswahili kinamtoka. Nichelle Nichols aliicheza ile nafasi kwa heshima kubwa na kuna watu wazima leo waliipenda anga kwa sababu yake. Sasa njoo 2022, series mpya ya Star Trek, Strange New Worlds, inaanza, Uhura kijana anachezwa na Celia Rose Gooding, na kwenye episodi ya pili anasimulia mezani kwamba ametokea Kenya, anasimulia familia yake na kwa nini alianza kujifunza lugha za watu. Mimi niliposikia kuhusu hiyo scene nilitamani kila mtoto wa Nairobi na wa Dar aione. Lakini Paramount+ ambayo ndio nyumbani kwa hiyo series haikuwepo Kenya. Haikuwepo Tanzania pia. Yaani mhusika ametokea Kenya na Mkenya mwenye kadi yake na hela yake mkononi anaambiwa huduma hii haipatikani katika nchi yako. Hiyo inaniuma mpaka leo na sitaacha kuisema.

Haikuwa hivi zamani. 2017 Discovery, series nyingine ya Star Trek, ilipoanza, Marekani walikuwa wanaiona kwenye CBS All Access, apu ambayo baadaye ndiyo ikawa Paramount+, na sisi wengine duniani Netflix, nchi 188, na episodi zilikuwa zinaingia ndani ya masaa 24 baada ya Marekani. Ile ilikuwa raha aisee! Unaamka, unafungua simu, episodi ipo, unaangalia na watu wa Brazil, wa Ujerumani, wa India kwa wakati mmoja, hakuna wa kukuharibia utamu. Na Netflix hawakuwa wanapewa bure, hela yao ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama za kutengeneza msimu wa 1. Kwa hiyo ukitazama kwa haki, sisi watu wa nje tulichangia ile series kuzaliwa.

Halafu ikaja Novemba 2021. Mashabiki wa zamani wanaikumbuka hii. Msimu wa 4 wa Discovery ulikuwa unaanza Marekani tarehe 18, watu wameshajipanga, wengine wameanza kurudia misimu ya nyuma ili waingie wakiwa na kumbukumbu, mara tarehe 16 linatoka tangazo kwamba ViacomCBS, jina la Paramount wakati ule, wamezinunua tena haki zao kutoka Netflix, Discovery yote inaondoka huko, misimu mitatu yote, na msimu mpya nje ya Amerika Kaskazini utakuja Paramount+ itakapofika mwaka 2022. Siku mbili! Hata ungekuwa na roho ngumu kiasi gani. Kelele zilizopigwa wiki ile zilikuwa kubwa mpaka wakalegeza kidogo, wakaiweka Pluto TV, huduma yao ya bure yenye matangazo, kwa nchi kadhaa za Ulaya kama Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania, na sehemu nyingine wakaruhusu kununua kwa episodi. Afrika Mashariki hatukutajwa. Na ile "mwaka 2022" ilipofika, Paramount+ ikafunguliwa Uingereza mwezi Juni, na kwingine kwingine Ulaya, huku kwetu kimya.

Nasema hili ili mwelewe kwamba hata hao wenzetu waliobahatika hawakustarehe sana. Strange New Worlds ilianza Marekani tarehe 5 Mei 2022, Uingereza wakasubiri mpaka tarehe 22 Juni. Kanada ilianzia kwenye Crave, apu ya huko kwao, na chaneli ya CTV Sci-Fi. New Zealand ilipelekwa TVNZ, televisheni yao ya taifa. Ni series ileile moja lakini kila nchi ilikuwa na mlango wake, na ukihamia kwa mfano kutoka Toronto kwenda London ilibidi uanze upya kujua unaiona wapi.

Prime Video naipa heshima yake. Picard, series nyingine ya Star Trek, waliipata wao kwa nje ya Marekani na Kanada kuanzia 2020, na misimu yote mitatu ilifika kwa wakati bila vituko, picha safi, maandishi ya chini yanasomeka, na ukidaunlodi kwa Wi-Fi unaangalia baadaye bila kuchoma bando. Msimu wa 3 wa Picard, ule wa 2023 wa kuwarudisha wazee wote wa Next Generation, ile Star Trek ya miaka ya 80 na 90, ni kati ya vitu vizuri kabisa nilivyoviona maisha yangu. Ila hata kwao kuna doa, na doa lenyewe sio lao. Lower Decks, ile Star Trek ya katuni ya vichekesho, ilianza Marekani Agosti 2020 na wakati inaanza, ukitoa Kanada, ilikuwa haina mtu wa kuionyesha nje kabisa, tukakaa mpaka Januari 2021 ndio Prime Video wakaichukua. Miezi mitano mtu unakwepa mitandao usije ukasoma kitu.

Sasa hapa ndio pana jambo ambalo watu wasiofuatilia hawalielewi. Hizi series zinashikana. Julai 2023 kulikuwa na episodi ya Strange New Worlds, inaitwa Those Old Scientists, imeongozwa na Jonathan Frakes, ambapo Boimler na Mariner wa Lower Decks, ambao kule ni katuni, wanaingia kama watu wa kweli, wanachezwa na Jack Quaid na Tawny Newsome walewale wenye sauti zao. Ile episodi ni furaha tupu ukiwa umeziona zote mbili. Lakini kwa sehemu kubwa ya dunia moja ilipelekwa Prime Video na nyingine Paramount+, kwa hiyo wanaandika hadithi moja, wanaicheka pamoja, wanaifurahia pamoja, halafu wanamuuzia mtazamaji nusu nusu kwa watu tofauti. Na kuna nchi, ikiwemo yangu, nusu ya pili hawauzi kabisa. Hata zile Short Treks, zile fupi fupi, nne za kwanza Netflix walizificha kwenye sehemu ya treila za Discovery, ukiwa hujaambiwa na mtu huzioni, na moja kati ya hizo ina maana kubwa ukija kuangalia msimu wa 3 wa Discovery.

Prodigy nayo nimeilia. Hii ni ya watoto, katuni nzuri mno, Kate Mulgrew amerudi kama Janeway, kapteni wa series ya zamani ya Voyager, na ndiyo mimi naiona mlango bora wa kumuingiza mtoto kwenye Star Trek. Juni 2023 Paramount+ wakaikatisha na sio kuikatisha tu, wakaitoa kabisa kwenye apu yao wakati msimu wa 2 bado unatengenezwa. Mashabiki wakachanga hela wakarusha ndege yenye bango juu ya ofisi za kampuni za striming kule Los Angeles kuomba mtu aiokoe, na Netflix wakaiokoa. Msimu wa 1 ukaingia Krismasi ya 2023, msimu wa 2 episodi 20 zote Julai 2024. Hapo Netflix nawapongeza kwa moyo wote. Ila hata hapo, Wafaransa walishauona msimu wa 2 kwa Kifaransa kupitia televisheni yao ya taifa tangu Machi, kwa hiyo dunia nzima ilikuwa inawakwepa Wafaransa wasije wakatuharibia utamu, miezi mitatu na zaidi.

Kuna watu wataniambia tumia VPN, ile apu ya kuifanya simu yako ionekane ipo nchi nyingine. Jamani. Kwanza Tanzania hapa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishatoa tangazo Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili, sio jambo la kuambiana kirahisi. Pili hata ukiwasha, huduma nyingi zinaitambua zinagoma, na ukifika kwenye malipo wanataka kadi iliyotolewa nchi hiyohiyo, ile kadi ya kwenye simu unayolipia vitu vingine haipiti. Kuna huduma moja, siitaji, nilikuwa nalipia bila VPN wala nini, kihalali kabisa, nipo katikati ya sizoni ndefu, nikarudi wiki nyingine naitafuta haipo, hakuna ujumbe, hakuna onyo, na mwezi ule wakakata hela yao kama kawaida. Kwa hiyo uhalali wenyewe haukulindi. Ndio maana simlaumu sana kijana anayeenda kibandani kujaziwa series kwenye flash, kule anapewa msimu wote, unaofuatana, na haupotei usiku. Silisifii jambo hilo, waliotengeneza wanastahili hela yao, ila walioweka hizi kuta ndio waliompeleka pale.

Alama zangu kwa huku kwetu basi. Prime Video 7 kati ya 10. Netflix 6, ingekuwa 8 kama wangekuwa wanatoa taarifa kubwa mbele ya uso wako, sio maandishi madogo, kwamba kitu kinaondoka lini. Paramount+ sifuri, na sio kwa ubaya wa series zao, series ni nzuri sana, ni kwa sababu mimi kama mteja siwezi kuwapa hata shilingi.

Kwa anayeanza leo ushauri wangu ni huu, usilipie mwaka mzima popote, lipia mwezi, tafuta kwanza kwenye apu kama series unayoitaka ipo na ina misimu yote, angalia, maliza, hama. Na kama una ndugu Uingereza au Uarabuni anakuja likizo, muagize diski. Discovery, Picard na Strange New Worlds zipo kwenye Blu-ray, na diski hakuna mtu wa kuja kuiondoa. Angalia tu alama ya rijini, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, nyuma ya boksi, Afrika tuko B pamoja na Ulaya, diski ya Marekani ni A na inaweza kugoma kwenye deki au PlayStation ya huku, kwa hiyo muulize muuzaji kabla.

Wameshatangaza kwamba Strange New Worlds inaishia msimu wa 5 na utakuwa na episodi sita tu. Ninachoomba kwa Paramount ni kidogo sana, kama hamtaki kuleta apu yenu huku basi uzeni hiyo misimu kwa mmoja wa hao wawili ambao tayari tunawalipa, au tuuzieni episodi moja moja kama mlivyowafanyia wenzetu 2021.